Eti Malindi Ilianzishwa na Waitaliano?

Ukikaa kibarazani Malindi hata jioni moja, hizi utakuwa umezisikia. Tuzipime.

Waitaliano ndio walioanza kujenga hoteli za ufukweni. Si kweli. Wamezikuza, na sifa hiyo hawanyimwi: hata dereva wa tuktuk atakuamkia kwa "ciao". Lakini hoteli za mwanzo zilifunguliwa na Waingereza miaka ya 1930, mmoja wao Lawford, afisa mstaafu wa jeshi la majini. Walowezi wa bara walishuka kupunga upepo na kuvua. Na kupokea wageni ni kazi ya zamani ya mji huu: Vasco da Gama alifika 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi India.

Waitaliano waliletwa na roketi. Kweli! Najua unacheka. Mradi wa San Marco, chini ya Profesa Luigi Broglio, uliweka majukwaa baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Nyingine, ya 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru, maana Kenya ilikuwa ikisherehekea siku hiyo. Ngomeni iko karibu na ikweta, ambako dunia inavyozunguka huisaidia roketi kupaa. Na mashariki yake ni maji matupu, hata ikianguka haimwangukii mtu. Mafundi walirudi kwao wakisimulia jua na mchanga. Jamaa zao wakafuata, kisha zikaja nyumba za kifahari, piza na aiskrimu.

Bahari huwa ya kahawia kwa uchafu wa hoteli. Si kweli. Hoteli zina makosa yake, ila hili si lao. Ule ni udongo wa mashamba ya bara, unaoletwa na Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana, na juu zaidi Athi. Mto unamwaga kaskazini ya mji, na kaskazi ikivuma huusukuma udongo hadi ufukweni kwetu.

Wazee husema kusi ikiingia, mgeni hutoka. Kweli, na wavuvi walilijua hili kabla ya hoteli yoyote. Kuanzia Aprili bahari huchafuka, masika hunyesha, na ikifika Mei baadhi ya hoteli hufunga milango. Wewe usiyeogopa mvua, nenda wakati huo: chumba utakipata kwa bei ya kuelewana, na mawimbi bure.