Premio Moja, Injini Tatu

Mwenye kununua gari la mkononi Dar es Salaam huanza na rangi, akaja kwenye viti, akabonyeza vioo vya umeme, akapiga teke tairi. Boneti hufunguliwa mwishoni, na hapo kinachotazamwa ni usafi tu: injini iliyooshwa ikang'aa inamridhisha, anaingia kwenye bei. Kwa Toyota Premio la umbo la 2001 hadi 2007, na pacha wake Allion, swali lenye pesa halipo kwenye rangi. Lipo kwenye herufi za mwanzo za namba ya chesisi, ambazo zimeandikwa pia kwenye kadi ya gari.

Ikianza na NZT240, ndani kuna 1NZ-FE ya cc 1,497. Ikiwa ZZT240, ni 1ZZ-FE ya cc 1,794. ZZT245 ni hiyo hiyo, ila gari linavuta kwa magurudumu yote manne. AZT240 ni 1AZ-FSE ya cc 1,998. Bodi ni moja, milango ni ile ile, taa ni zile zile. Zote tatu zina silinda nne na valvu 16, zote zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na bloku zake ni za alumini zenye mikono myembamba ya chuma ndani ya silinda. Kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja. Kwa mfuko wako si ndugu hata kidogo.

Dalali hupenda kuuza ile ya kati. "Hii ni 1.8, mlima haikusumbui." Na ni kweli, haisumbui mlima. Inachosumbua ni oili.

Pistoni ina ringi za kuzuia mgandamizo usivuje, na chini yake ringi moja ya kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda. Oili iliyokwanguliwa lazima ipate njia ya kurudi kwenye sampo, na njia yenyewe ni vitundu vidogo vilivyotobolewa nyuma ya ringi hiyo. Kwenye 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo vitundu hivyo havikutosha. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa duni, masizi yanaviziba, ringi inanata kwenye mfereji wake, na oili inabaki juu kuungua pamoja na petroli. Baadaye Toyota ilibadili pistoni ikaongeza njia za kurudisha oili, kwa hiyo injini za miaka ya mwisho ya familia hii zina sifa nzuri zaidi. Lakini Premio la ZZT unaloliona barabarani mwetu linaweza kuwa la kabla, na oili lililowekewa tangu lishuke bandarini Mungu ndiye ajuaye.

Tabu yake ni kwamba injini haikwambii. Inawaka vizuri, inavuta vizuri, haigongi. Mwenye gari anakwenda na ratiba yake ya kilomita 5,000, na ikifika 4,000 kijiti cha kupimia kinatoka kikavu. Wakati huo taa nyekundu ya oili ikiwaka, beringi za krenki zimeshaanza kusagika. Injini nyingi za aina hii zinazosemwa "zilikufa ghafla" hazikufa ghafla. Zilikauka, na mwenyewe hakuwahi kuchomoa kijiti.

Sasa tupige hesabu. Bei zinabadilika kila mwezi, kwa hiyo nachukua namba za kukadiria. Wewe weka za kituo chako. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, na mjini 1.5 inakupa kilomita 13 kwa lita wakati 1.8 inakupa 11. Ya kwanza inakula lita 115, ya pili 136. Tofauti ni lita 21, yaani shilingi 63,000 kwa mwezi. Ongeza oili: injini inayokula lita moja kila kilomita 1,000 inataka lita moja na nusu ya kujazia kila mwezi, na kwa shilingi 15,000 kwa lita hiyo ni 22,500. Jumla ni 85,500 kwa mwezi, zaidi kidogo ya milioni moja kwa mwaka, kwa gari ambalo jirani yako hawezi kulitofautisha na la 1.5 hata akilizunguka mara mbili.

Wengine huamua kuvumilia wakajazia tu. Si uamuzi wa kijinga, mradi kijiti kichomolewe kila Jumamosi bila kukosa. Oili inayoungua huchafua plagi na kuharibu kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi, lakini gari linatembea. Ujinga ni kumwaga oili nzito ya 20W-50 ili moshi upungue, kwenye injini iliyoundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Oili hiyo hiyo ndiyo inayosukuma mfumo wa VVT-i wa kurekebisha valvu na ndiyo inayokaza cheni. Ikiwa nzito mno, asubuhi inachelewa kufika juu.

Ukichoka kujazia, fundi atakupa bei mbili. Ya kwanza ni kubadili ringi pekee. Ni rahisi, na ndiyo pesa ninayoiona inapotea kuliko zote, maana ringi mpya juu ya pistoni ya zamani yenye vitundu vile vile inarudi kwenye ugonjwa ule ule. Ukifungua, weka pistoni za muundo wa baadaye, ama usifungue. Tena bloku hizi hazikuundwa kwa ajili ya kuchongwa. Fundi aliyekulia kwenye 5A-FE ya Corolla 110, yenye bloku ya chuma kitupu, amezoea kupeleka bloku ikachongwe na kuweka pistoni za saizi ya juu. Ile ilikuwa injini ya kufufuliwa mara mbili au tatu. Hizi za alumini zilitengenezwa zikiwa nyepesi, na wepesi huo unalipiwa mwishoni.

Bei ya pili ni injini nzima iliyotumika Japani, ya kuchukua Gerezani au, kwa wa Nairobi, Kirinyaga Road. Mara nyingi ndiyo inayoshinda kwa hesabu, kwa sababu siku moja au mbili gari limerudi barabarani. Lakini unanunua nini? Unaweza kuwa unanunua 1ZZ nyingine yenye pistoni zile zile. Ulizia injini ya miaka ya mwisho, fungua kifuniko cha oili uone kama ndani kuna rangi ya chuma au lami nyeusi, dai siku za majaribio kwa maandishi. Na kwa kuwa namba ya injini imo kwenye kadi, ukibadili injini nenda ukabadili na kadi, la sivyo siku ya kuuza mnunuzi ataona namba mbili na kukufikiria mwizi.

Ile ya 2.0 haihitaji kurasa nyingi. Juu ya kava yake imeandikwa D-4: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, haipiti nyuma ya valvu za kuingizia hewa. Valvu hizo hazioshwi, masizi yanajijenga, gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama kwenye foleni na wakati mwingine linazima. Pampu yake ya shinikizo haipendi petroli chafu, na mafundi wanaoijua vizuri ni wachache. Tena familia ya AZ ina sifa ya nyuzi za bolti za silinda hedi kung'oka kwenye alumini, maji yakavuja kwa nyuma na injini ikachemka. Kwa anayeishi Dar akiwa na fundi wa uhakika, sawa. Kwa anayelipeleka gari Tunduru, mimi nisingelichukua hata kwa punguzo.

Inabaki 1NZ-FE, ambayo watu wameipandisha hadi karibu iwe mtakatifu. Imo kwenye Premio, Allion, Probox, Fielder na IST za 1.5, na Premio la umbo lililofuata mwaka 2007 liliendelea nayo wakati 1.8 ilipewa familia nyingine, ya ZR. Hapo ndipo ilipo faida yake kubwa: spea zake ziko kila duka, za asili na za bandia, na fundi wa kijiweni anaijua akiwa amefumba macho. Lakini nayo huanza kula oili ikitunzwa vibaya. Gasketi ya tapeti kava huvuja, oili ikashuka kwenye matundu ya plagi. Koili zake nne, moja kwa kila silinda, hufa moja moja na gari likaanza kukosa moto. Pampu ya maji hulia. Mauntingi ya kulia huchoka ukadhani injini ndiyo mbovu. Cheni huwa na kelele asubuhi kwa sekunde chache pale oili ilipocheleweshwa miaka mingi. Na tafadhali, fundi akitaka kung'oa tamostati "isichemshe", mkatalie. Bila tamostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula petroli zaidi, na kilichokuwa kinaichemsha bado kipo.

Basi ningelipa zaidi kwa NZT yenye kilomita nyingi na historia ya oili kuliko ZZT yenye kilomita chache kwenye dashibodi. Namba ya dashibodi hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini kuisafisha lami iliyoganda chini ya kifuniko cha oili ni kazi ya siku nzima, na wauzaji wengi hawajihangaishi.

Ukienda kuangalia, nenda alfajiri na usipige simu kwamba uko njiani. Injini ya baridi husema mengi: moshi wa bluu wa mwasho wa kwanza, mlio wa cheni, mtetemo. Baada ya dakika kumi za joto yote hayo yanaweza kunyamaza. Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, mwambie muuzaji utarudi kesho.