Sura ya Tano: Pa Kulala, Pa Kutokea

Ukipima kwa rula juu ya ramani, wilaya za Karagwe na Kyerwa ni ndogo. Mpangaji wa safari aliyekaa Dar es Salaam, Kampala au Berlin huona nukta za Kayanga, Bweranyange, Kamuli na Murongo zimekaribiana, akaandika kwenye daftari lake kwamba siku mbili zinatosha na kwamba watalala Bukoba. Siku mbili hizo zitamwishia ndani ya gari.

Sababu iko kwenye mwamba. Milima ya huku imejipanga mistari mistari, mingi ikielekea kaskazini na kusini, na kati ya mstari na mstari kuna bonde. Wanajiolojia wameuita ukanda huu wa miamba Karagwe-Ankole, kwa kuwa unavuka mipaka na kuingia Uganda, Rwanda na Burundi. Ni miamba ya kale, iliyoanza kama mchanga na tope zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mchanga uligandamizwa ukawa jiwe gumu la kwazaiti, na tope likawa mwamba laini wa tabaka nyembamba. Tangu hapo mvua na mito vimekuwa vikila palipo laini na kuacha palipo pagumu. (Mwamba wa itale uliopenya humo baadaye ndio ulioleta bati, ambalo wachimbaji wadogo wa Kyerwa wanalifukua hadi leo.) Msafiri anachokiona juu ya ardhi ni matokeo ya kazi hiyo ya mvua na mito: mgongo, bonde, mgongo, bonde.

Barabara ikifuata bonde, mambo ni mepesi. Ikibidi kukatiza mgongo, hupanda kwa kona, hutafuta upenyo, kisha hushuka kwa kona upande wa pili, tena kwenye udongo mwekundu ambao mvua moja huugeuza utelezi. Kijiji unachokiona ng'ambo ya bonde, kiasi cha kuhesabu mabati ya nyumba zake, huenda kikakugharimu asubuhi nzima. Kwa hiyo anayetafuta pa kulala vijijini ajiulize kwanza atakuwa upande gani wa mgongo, na ni barabara ngapi zinazotoka hapo bila kumlazimisha kuupanda. Mandhari yasimtie wasiwasi. Huku karibu kila ua una mandhari.

Waitaliano wana uzoefu mrefu wa kulaza wageni vijijini. Mwaka 1985 nchi yao ilitunga sheria ya kuwaruhusu wakulima kupokea wageni mashambani kama sehemu ya kilimo chao, na milima ya Toscana ikajaa nyumba za mawe zenye vitanda vya wageni. Mtu hulala kati ya mizabibu na mizeituni, asubuhi akaenda Firenze, kesho yake Siena, na kila jioni akarudi kula kwa mwenye shamba. Wanaoiga mtindo huo Afrika Mashariki wengi wao wameiga bwawa la kuogelea na kusahau barabara. Shamba la Toscana linalopendwa limekaa mahali ambapo miji miwili mitatu inafikika kwa mwendo wa saa moja hivi. Ling'oe, ulipeleke mwisho wa njia, uone kama kuna atakayerudi mara ya pili.

Kwa nchi ya Karagwe na Kyerwa, wagombea wa heshima ya kuwa kituo cha namna hiyo si wengi. Kayanga, makao makuu ya Karagwe, pamoja na jirani yake Omurushaka, vina nguvu zote za mji. Lami inafika kutoka Bukoba kupitia daraja la Kyaka, lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978. Benki zipo, mabasi ya masafa marefu yapo, na hospitali ya Nyakahanga iko karibu. Mgonjwa wa kisukari, au mwenye mtoto mchanga, alale huko na asitake ushauri mwingine. Ubaya wa mji ni jioni yake. Utasikia honda, spika za baa na jenereta, wakati wewe ulipanda milima yote hii kutafuta ukimya.

Murongo, kwenye pembe ya kaskazini, ina mto na ina mpaka. Ng'ambo ya Kagera ni Kikagati, Uganda, na penye maporomoko ya mto nchi hizi mbili zina kituo cha kuzalisha umeme. Ni mahali pa kwenda kuona. Ukipafanya makao, kila safari itaanza na barabara ile ile uliyojia, na siku ya tatu utakuwa umewajua madereva wote kwa majina.

Kamuli, kata ya wilaya ya Kyerwa, inashinda kwa jambo ambalo halitokei kwenye picha: ukilala pale tayari uko ndani ya milima. Kazi ya kupanda kutoka kwenye lami umeifanya mara moja, siku ya kufika, na hutairudia kila asubuhi. Halafu ni kijiji cha kweli cha Wanyambo, chenye migomba inayoficha nyumba na mibuni iliyopandwa chini ya migomba. Kuanzia Juni, mavuno yakichanganya, kahawa huanikwa kila ua na magunia hugombea nafasi na abiria kwenye magari. Msimu huo usipange safari ya kubahatisha usafiri wa barabarani. Kodi bodaboda au gari tangu jana yake, mkubaliane bei ya kwenda na kurudi.

Sasa kuhusu saa, ambazo vitabu vya utalii havizitaji. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halisomi sheria. Kyerwa iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi nane, kwa hiyo jua huchelewa kuchomoza huku kwa nusu saa na zaidi kidogo. Mwezi Februari saa moja kamili asubuhi bado ni kiza chepesi, na jioni nuru huendelea mpaka baada ya saa moja usiku. Mgeni wa pwani aliyezoea kuanza safari saa kumi na mbili atatoka gizani, kwenye barabara yenye ng'ombe na makorongo, bila faida yoyote. Afadhali anywe chai kwanza, aondoke saa moja na nusu, na ajue kwamba ana saa kumi na moja za mwanga. Na awe mwangalifu na simu: karibu na mto huweza kunasa mtandao wa Rwanda, ambako saa iko nyuma kwa saa moja, ikajirekebisha yenyewe. Watu wamekosa mabasi kwa ajili hiyo.

Msimu nao una ujanja wake. Juni hadi Agosti barabara ni kavu, na kila kitabu kitakushauri uje wakati huo. Lakini ndio wakati nyasi zinapochomwa, na vumbi na moshi hutanda hata mgongo wa tatu usiuone. Baada ya mvua hewa husafishika. Mpelelezi Mwingereza Speke alipokuwa njiani kuingia Karagwe mwezi Novemba 1861, msimu wa mvua za vuli, aliviona kwa mbali vilele vya Mfumbiro, yaani volkano za Virunga zilizo kati ya Rwanda, Uganda na Kongo. Angekuja Julai pengine asingeandika neno. Kwa hiyo msimu unaokupa barabara ndio unaokunyima upeo wa macho. Ushauri wangu ni Januari na mwanzo wa Februari, kati ya mvua na mvua. Mwenye tumbo la ushujaa aje Novemba, apate na senene, ila kila safari ya siku aitengee siku ya akiba.

Speke na mwenzake Grant wanastahili nafasi kubwa zaidi katika sura hii, kwa kuwa kukaa kwao ni somo zima la kuchagua kituo. Walipokewa na Mfalme Rumanyika huko Bweranyange, kilima kinachotazama ziwa dogo ambalo Speke, kwa kukumbuka kwao, alilibandika jina la Windermere. Januari 1862 Speke alielekea Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, aliachwa pale kwa mfalme kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mpelelezi mwingine, Stanley, alikuja mwaka 1876 na kuanzia safari zake hapo hapo: kutoka kwa Rumanyika alikwenda ziwani, akaupeleleza Mto Kagera, kisha akaenda kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata. Wote hao hawakuweza hatua moja bila mwenyeji. Mitumbwi, viongozi wa njia, chakula na ruhusa ya kupita vilitoka kwa mfalme. Kilima kile kilikuwa kituo kizuri kwa sababu juu yake alikaa mtu aliyeijua nchi na kuheshimiwa nayo.

Wafalme hawapo tena, lakini kanuni imebaki. Nyumba ya kulala Kamuli ipimwe kwa mwenye nyumba kabla ya kupimwa kwa godoro. Anawajua madereva? Anaweza kumpigia mwenyekiti wa kitongoji? Hii ni wilaya ya mpakani, na mgeni asiyejulikana huulizwa. Fika kwanza kwa mtendaji wa kijiji, mwamkie, mwonyeshe kitambulisho au pasipoti, mwambie unalala kwa mama fulani na unakaa siku ngapi. Dakika kumi za adabu zitakuokolea nusu siku ya maelezo mbele ya safari. Muulize pia mwenyeji kuhusu maji: yanatoka bombani, au ni ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, na Agosti hali huwaje? Chakula hakitakusumbua. Utapewa ndizi zilizopikwa na maharage, na pengine punje za kahawa za kutafuna, heshima ya zamani kwa mgeni. Zipokee hata kama hutazimaliza.

Ukishatulia, safari zenyewe hujipanga. Mtagata ndiyo ningeanza nayo, maana iko upande huo huo wa Kyerwa na haichoshi. Watu huenda kuoga maji yale kwa kutafuta nafuu ya maradhi, kama walivyokuwa wakifanya Stanley alipofika, kwa hiyo ingia kama mtu anayeingia mahali pa ibada, kamera ikiwa mfukoni mpaka uruhusiwe. Bweranyange itakula siku nzima kwa kuwa ni upande wa Karagwe. Isome kidogo kabla ya kwenda, hasa kitabu cha Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe kilichotoka mwaka 1975, la sivyo utaona kilima na nyasi tu. Murongo nayo ni siku moja, na siku ya gulio ni bora kuliko siku nyingine.

Hifadhi ni habari tofauti. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilikuwa mapori ya akiba mpaka zilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, na ni ndogo: ya kwanza ina kilomita za mraba karibu 300, ya pili karibu 250. Serengeti ina zaidi ya 14,000. Usiende kuhesabu simba. Nenda kwa ajili ya mabonde, mto, na ile hali ya kutembea siku nzima bila kukutana na gari la watalii. Ibanda-Kyerwa ndiyo inayofaa kwa anayelala Kamuli. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, fedha taslimu hazipokelewi getini, kwa hiyo maliza jambo hilo mahali penye mtandao wa uhakika kabla ya siku yenyewe. Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700, inakuja akilini kila mtu anapofungua ramani, lakini kutoka Kamuli haiendeki na kurudi siku moja kwa raha. Iwekee safari yake.

Bukoba pia iondoe kwenye orodha ya safari za siku. Ina ziwa, ina soko, ina historia ya Wahaya inayohitaji sura yake yenyewe, lakini kwenda na kurudi kutoka Kyerwa ni kujitesa. Lala Bukoba usiku wa kwanza unapoingia kwa meli au ndege kutoka Mwanza, au usiku wa mwisho unapotoka.

Anayebaki na siku mbili tatu tu alale Kayanga, aende Bweranyange, arudi nyumbani ameridhika. Kamuli inamfaa mwenye siku tano au zaidi, asiye na mgonjwa, anayeweza kula alichopikiwa na kusubiri gari bila kununa. Kama wewe ndiye huyo, mpigie mwenyeji wako kabla hujapanda basi Bukoba, mwambie saa utakayoshuka, na mwombe dereva anayemwamini awe anakungoja hapo.