Mbwa anapougua bila chanzo kujulikana

MBWA anapokonda, kukataa chakula na kutokwa na damu puani, wengi hukimbilia dawa za minyoo. Huenda kumbe ni erlikiosisi, maradhi ya bakteria yanayoenezwa na kupe wa kahawia, ambayo huweza kujificha mwilini kwa miezi kadhaa. Hivyo daktari wa mifugo aelezwe hata kuhusu kupe walioonekana zamani.

Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine, ni vyema damu ipimwe kabla ya mbwa kupewa antibiotiki, zisije zikaficha viini. Maradhi yakithibitishwa, doksisaiklini hutolewa kwa siku 28. Kuikatiza mbwa anapochangamka ni hatari. Kupe nao sharti waangamizwe, kwani aliyepona huweza kuambukizwa tena.