Rejeta Ikichafuka: Kumwaga Kulanti Mbovu Bila Kuhatarisha Jirani

Injini ikitokota kwenye msongamano wa Makadara, dereva hujaza rejeta kwa maji yoyote yaliyo karibu, mara nyingi ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi hula rejeta na pampu ya maji. Baada ya muda kulanti hugeuka rangi ya kutu.

Kuisafisha kunahitaji subira kuliko vifaa. Injini ipoe kabisa kwanza. Mfuniko ukifunguliwa ingali moto, maji huruka usoni. Weka beseni, fungua koki ya chini, mwaga yote. Funga koki, jaza maji safi ya bomba, washa injini na hita hadi hozi ya juu ishike moto, zima, ngoja ipoe, mwaga. Rudia hadi yatoke maangavu, kisha jaza kulanti mpya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukiona ute kama chai ya maziwa, mafuta yameingia. Hapo kusafisha pekee hakutoshi, fundi akague gasketi.

Beseni lile ndilo la kuangaliwa zaidi, hasa Mji wa Kale, ambako paka hawahesabiki na watoto hucheza vichochoroni. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, sumu yenye utamu. Paka akilamba kidogo tu, figo hufa. Ikimwagwa mtaroni huweza kufika visimani au baharini. Itiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na maandishi, si chupa ya soda, isichanganywe na oili, na ikabidhiwe mzoaji taka mwenye leseni ya NEMA.