Hita ya Jua: Mtambo Usio na Pampu Unaozifaa Paa za Bagamoyo

Je, wajua kwamba kuoga maji ya moto Bagamoyo kunahitaji chini ya nusu ya nishati inayohitajika London wakati wa baridi? Maji yaliyokaa kwenye tanki la nyumbani hapa pwani huwa na nyuzijoto 26 hivi kabla hujawasha chochote. Kuyafikisha 40, joto zuri la kuogea, ni kuyaongezea 14 tu. Mwezi Januari maji ya bomba ya London hutoka yakiwa na nyuzijoto 10 au pungufu, nayo yanadai nyongeza ya 30. Kwa lita 30 za kuoga mtu mmoja, Bagamoyo ni nusu uniti ya umeme. London ni uniti moja na ushei.

Hesabu hiyo inamhusu kila anayekuja kuishi Bagamoyo, Mapinga au Mlingotini kutoka nchi za baridi, awe mgeni au Mtanzania anayerudi baada ya miaka mingi Ulaya. Kule, nyumba isiyo na mtambo wa kupasha vyumba haikaliki. Huku, hata katika kipupwe cha Juni hadi Agosti, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 20, na blanketi jepesi linatosha. Vyumba vinahitaji kivuli, na madirisha yanayoupisha upepo wa kusi na wa kaskazi. Kinachobaki kupashwa ni maji, na kazi hiyo jua linaiweza.

Kila mahali pana desturi yake. Maskati, waliko wasemaji wengi wa Kiswahili, maji ya tanki la juu ya paa hupata moto mno wakati wa kiangazi hata watu huzima hita iliyomo ndani ya nyumba na kuoga maji yake, kwa sababu hayo ndiyo yaliyopoa. Na ng'ambo ya Bagamoyo, Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga ile ya Hamamni mjini. Anasa ile ilitaka moto wa kuchochewa na watu wa kuuchochea. Leo paa la nyumba ya kawaida linaweza kuifanya kazi hiyo lenyewe.

Ilikotoka

Mwaka 1767 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lililofunikwa kwa vioo vya tabaka kadhaa ili kupima ni joto kiasi gani la jua linaweza kunaswa. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, akapata hataza ya hita ya jua ya kuuzia watu. Ilikuwa na kasoro moja: maji yalikaa mlemle yalimopashiwa, na usiku yakapoa. Mwaka 1909 William Bailey wa California akatenganisha mahali pa kuyapasha maji na pa kuyahifadhi. Mirija ikawekwa chini ya kioo juani, na tanki lililozungushiwa kizuia joto likawekwa juu yake.

Siri ya mtambo huo ni kwamba maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Yakipata joto kwenye mirija hupanda yenyewe hadi kwenye tanki, na ya baridi huteremka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo hauna pampu. Umeme wa Luku ukiisha, maji yanaendelea kupanda.

Jua la Bagamoyo

Mji huu uko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na katika kipupwe huegemea kaskazini. Ndiyo maana hita hapa hutazamishwa kaskazini na kuinamishwa kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili maji ya moto yapande na mvua ioshe vumbi.

Mita moja ya mraba hupokea takriban uniti 5 za nishati kwa siku ya kawaida. Hita ya mita 2 za mraba inayonasa nusu yake hufikisha lita 150 kwenye nyuzijoto 55 hivi. Zikichanganywa na maji baridi zinaogesha karibu watu 10. Wakati wa masika, mawingu yakitanda siku nyingi, koili ya umeme ndani ya tanki huongezea kilichopungua.

Adui ni chumvi

Ulaya, mafundi hupitisha kwenye mirija kimiminika kisichoganda, kisha hicho ndicho kinachopasha maji ya nyumba, kwa kuogopa barafu. Bagamoyo haina barafu, lakini ina visima vya maji ya chumvi na upepo wa bahari. Maji ya visima hivyo yakipita moja kwa moja kwenye mtambo, huziba mirija kwa magamba na kutoboa hata chuma cha pua. Mwenye kisima cha namna hiyo atafute hita ya mzunguko uliofungwa, wenye maji yake safi. Ndani ya tanki la chuma kuna kipande cha magnesiamu kinacholiwa na kutu badala ya tanki; kikaguliwe kila mwaka, na kikiisha kibadilishwe.

Mpangaji asiye na paa lake hutumia shawa ya umeme. Ya kilowati 5 hutoa lita 5 hivi za maji ya moto kwa dakika, lakini huvuta ampea 22. Inataka waya mnene, eathi ya kweli, na swichi inayokata umeme unapovuja, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi.

Jambo la afya nalo lisisahauliwe. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu na hufa yanapofika nyuzijoto 60. Basi tanki lipandishwe kufikia hapo mara kwa mara, kwa koili ikibidi. Joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo valvu ya kuchanganya maji ni ya lazima penye watoto na wazee.

Hata asiye na fedha za hita leo ana la kufanya anapojenga. Apitishe bomba la maji ya moto ukutani kabla ya plasta, kutoka bafuni hadi darini, na liwe la PPR, maana PVC ya kawaida hulegea kwa joto. Bomba hilo ni gharama ndogo wakati wa ujenzi. Kuupasua ukuta baadaye ndiko kunakowafanya wengi waliahirishe jua mwaka hadi mwaka.