Tusiitetee Imani kwa Hoja Mbovu



Katika mikutano yetu huku Likoni, Kisauni na Changamwe tumesikia mara nyingi ikisemwa hivi: "Sayansi yenyewe yasema kila kitu huelekea kuharibika, basi viumbe visingeweza kubadilika na kuendelea." Vijana wetu wanaosoma fizikia husikia, wakanyamaza. Leo na tulipime neno hilo.

Kanuni ya namna hiyo ipo kweli. Mwaka 1865 Mjerumani Rudolf Clausius alitoa jina la entropi, yaani kipimo cha jinsi nguvu inavyotawanyika. Chai ya moto hupoa, haijipashi yenyewe. Lakini kanuni hiyo yasema entropi haipungui katika kitu kilichofungwa, kisichopokea wala kutoa chochote.

Tazameni friji ya mwuza samaki pale Likoni. Ndani yake maji hujipanga yakawa barafu. Je, kanuni imevunjwa? La. Weka mkono nyuma ya friji, utasikia joto. Mpangilio wa ndani umelipiwa kwa joto lililotawanyika nje, na umeme ndio uliofanya kazi. Umeme ukikatika, barafu huyeyuka.

Dunia nayo haikufungwa. Yapokea mwanga wa jua, nayo yatoa joto kwenda angani. Kwa mwanga huo mche wa mkoko kule Mikindani huchipuka ukiwa bado juu ya mama yake, ukaanguka topeni, ukawa mti. Kama kanuni ingekataza mpangilio kuongezeka mahali popote, hata mkoko mmoja usingekua.

Na mabadiliko ya viumbe tumeyaona sisi wenyewe. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vijidudu vilivyoihimili vilibaki na kuzaana. Vizazi vilibadilika, wala kanuni ya entropi haikuvunjwa.

Ndugu, maswali juu ya asili ya viumbe ni mengi, lakini hoja hii si ya kweli, na amri juu ya ushahidi wa uongo haimwachi mhubiri. Kijana akiona tumekosea katika jambo analoweza kulipima darasani, atatuaminije tukimweleza habari za msalaba?

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuipenda kweli, hata inapotupasa kusema: tulikosea. Amina.