Maikrofoni Kuukuu ya Kinanda cha Mdomo: Kuijua na Kuiboresha

Maikrofoni inayopendwa zaidi na wapulizaji wa kinanda cha mdomo haikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Ilikusudiwa kusema tu: kwenye vituo vya kuita teksi, kwenye redio za wapenda mawasiliano, kwenye matangazo ya stesheni na viwandani. Ina umbo la yai lililokatwa mbele, inaenea kiganjani, na Wamarekani wameipa jina la risasi kwa sababu ya umbo hilo. Wanamuziki wa bluzi waliohamia Chicago waliinunua kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mpulizaji aliifumbata pamoja na kinanda kati ya viganja viwili bila kuacha upenyo, akaichomeka kwenye amplifaya ndogo ya valvu, na sauti ikatoka nzito, yenye mkwaruzo, karibu na sauti ya saksafoni. Little Walter aliifikisha sauti hiyo kwa umma mpana mwaka 1952 kwa wimbo wake usio na maneno, “Juke”.

Kifaa cha aina hiyo kinaweza kumfaa mwanamuziki yeyote, popote alipo, mradi ajue amekamata nini. Chukua mfano wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi: iko zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe katika wilaya ya Dowa, na ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Hastings Banda. Tangu 2014 kambi hiyo ina Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongomani Menes la Plume, ambapo wasanii wakimbizi na Wamalawi hupanda jukwaa moja. Mahali penye muziki mwingi na fedha kidogo, kifaa kikuukuu kina thamani kubwa. Wakongomani hukiita mikro, wengine maiki. Kikitokea kwenye meza ya mitumba Lilongwe, au kikiachwa na mgeni kambini, swali la kwanza lisiwe bei yake. Liwe: ndani yake mna kiini gani?

Kiini ndicho kijisanduku kinachogeuza sauti kuwa umeme. Ganda linaweza kung’aa kwa kromu na kiini kikawa kimekufa. Ganda jingine limechakaa, lakini kiini chake kinanguruma. Tena mafundi wa miaka mingi wamebadilisha viini kiholela, kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya ganda ni dokezo tu, si uthibitisho.

Hata hivyo dokezo hilo lina faida. Ganda la kijani lenye jina la Shure, namba 520, lilitoka kwanza mwaka 1949. Viini vyake vya asili ni vya sumaku: utando husukuma ulimi mdogo wa chuma ndani ya uga wa sumaku, na koili iliyotulia ikazalisha umeme. Toleo la baadaye, 520DX, lina kidhibiti sauti kwenye ganda lenyewe. Jina la Astatic, kampuni ya jimbo la Ohio, huashiria kiini cha fuwele, hasa likiwa kwenye JT-30. Hohner, kampuni ya vinanda iliyoanzishwa Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, iliuza JT-30 hiyo hiyo kwa jina la Blues Blaster. Astatic D-104 haina umbo la risasi. Ni kisahani cha mviringo juu ya nguzo. Ilitengenezwa kuanzia 1933 hadi 2001, na viini vyake vimehamishiwa kwenye maganda mengine mengi.

Baada ya kusoma jina, ganda hufunguliwa. Kwa kawaida skrubu chache hushikilia uso wa mbele, na kiini hukaa kwenye pete ya mpira. Hapo mita ya fundi redio inatoa ushahidi. Ikiwekwa kwenye kipimo cha ukinzani, kiini cha sumaku cha aina ya Shure huonyesha kama omu elfu moja, na mara nyingi hutoa mlio mdogo ncha za mita zinapokigusa. Kiini cha fuwele au cha seramiki hakionyeshi njia yoyote, kana kwamba waya umekatika. Wengi hukitupa papo hapo wakidhani kimekufa, na hilo ni kosa la kusikitisha. Fuwele haipitishi umeme wa betri. Namna ya kuijaribu ni kuiunganisha na amplifaya na kuisemea.

Fuwele yenyewe inahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu Malawi ni nchi ngumu kwake. Imetengenezwa kwa chumvi ya Rochelle, iliyoundwa kwanza na mfamasia Pierre Seignette katika mji wa La Rochelle, Ufaransa, karne ya 17. Mwaka 1880 ndugu Jacques na Pierre Curie waliionyesha kuwa miongoni mwa vitu vinavyotoa umeme vikibanwa. Kibanzi chembamba cha chumvi hiyo, kikiunganishwa na utando, hutoa umeme mwingi kwa mtikisiko mdogo, na mkwaruzo wake wa juu ndio wapulizaji wanaoupenda. Ila chumvi hubaki chumvi. Hunyonya unyevu ikayeyuka, hukauka kupita kiasi ikageuka unga, na joto la nyuzi 55 hivi za selsiasi huiharibu moja kwa moja. Lilongwe ina mvua nzito kati ya Novemba na Aprili, kisha miezi ya ukavu, na joto kali mwezi Oktoba. Maikrofoni iliyoachwa chini ya paa la bati au juu ya dashibodi ya minibasi mchana wa Oktoba inaweza kufa siku hiyo hiyo. Fuwele iliyodumu miaka sitini na zaidi ni jambo la bahati, na inapaswa kutunzwa kama yai.

Jambo la pili linalowashinda wengi ni impidensi, yaani jinsi kifaa kinavyopokea au kupinga umeme wa sauti. Kiini cha fuwele hufanya kazi kama kapasita ndogo, tuseme ya nanofaradi 1.5. Kikichomekwa kwenye amplifaya ya gitaa yenye ingizo la omu milioni 1, sauti za chini huanza kupungua kwenye hezi 106. Hilo halidhuru, kwa kuwa noti ya chini kabisa ya kinanda cha matundu kumi cha ufunguo wa C ni hezi 262 hivi. Lakini kiini hicho hicho kikiingizwa kwenye tundu la maikrofoni la mikisa, lenye omu kama 2,000, mpaka huo hupanda hadi hezi 53,000, juu kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia. Kinachobaki ni sauti nyembamba ya nyuki ndani ya chupa. Fundi mitambo hulaumu maikrofoni, mpulizaji humlaumu fundi, na wote wawili hawana kosa.

Dawa yake haigharimu sana. Kisanduku chochote cha kuongeza nguvu chenye ingizo la omu milioni 1 au zaidi, hata kile cha wapiga gitaa kinachotumia betri ya volti 9, kikikaa kati ya maikrofoni na mikisa hurudisha sauti nzito. Kwa kiini cha sumaku transfoma ya kulinganisha impidensi inatosha. Katika hali zote mbili, umeme wa volti 48 ambao mikisa hutuma kwenye maikrofoni za studio lazima uzimwe kabla ya kuunganisha.

Uboreshaji wa kwanza, ambao hugharimu mikasi na dakika chache, ni pete ya mpira. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka, hewa ikapenya nyuma ya kiini, na ule uzito unaotokana na kufumba viganja ukapotea. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa vizuri hufanya kazi hiyo kikamilifu. Kabla ya kununua kitu chochote, fundi aanzie hapo.

Kisha plagi. Maikrofoni nyingi za miaka hiyo zina mdomo wa hesi za nje ambao waya wake haupatikani kirahisi. Kuna kiunganishi cha kufunga juu ya hesi hizo na kutoa tundu la jeki ya kawaida ya gitaa. Hicho ni bora kuliko kutoboa ganda, kwa sababu ganda likitobolewa halirudi. Waya uwe mfupi, mita tano au sita, wenye wavu mzuri wa kuzuia mngurumo, na wavu huo uunganishwe na chuma cha ganda. Kidhibiti sauti ni nyongeza ya maana sana: huzuia mlio wa kujirudia jukwaani bila kumlazimu mpulizaji kukimbilia amplifaya. Thamani yake hutegemea kiini: omu milioni 5 kwa fuwele, omu 250,000 hivi kwa kiini cha sumaku. Thamani ya sumaku ikiwekwa kwenye fuwele, uzito wote wa sauti hutoweka.

Kulehemu kunataka subira. Chuma cha moto kisiguse vituo vya kiini cha fuwele, maana joto husafiri moja kwa moja hadi kwenye chumvi. Waya ulehemiwe kwanza kwenye kibanio kidogo, kisha kibanio kilichopoa kivishwe kwenye kituo.

Fuwele ikishakufa haifufuki. Kwa hali ya hewa ya Dzaleka na Lilongwe, kuisaka nyingine kwa bei kubwa si busara. Kiini cha sumaku au cha seramiki hukaa kwenye ganda lile lile na hustahimili mvua na joto kwa miaka. Sauti hubadilika kidogo, ikapoteza ukali wa juu na kupata ukakamavu wa kati, na wapulizaji wengi wa bluzi wameichagua hiyo kwa hiari. Kiini cha zamani kifungwe kwenye mkebe pamoja na pete yake ya asili.

Amplifaya nayo ikaguliwe. Maikrofoni hizi hazitumii umeme wa ukutani, lakini amplifaya ndogo ya valvu kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na Malawi ina volti 230. Bila transfoma ya kushusha volti itaungua mara tu inapowashwa. Baada ya onyesho uso wa maikrofoni hupanguswa mate kwa kitambaa kikavu, na yenye fuwele hurudishwa kwenye mkebe unaofunga vizuri, kivulini, mbali na sakafu yenye unyevu.